Kebo ya Klachi Imekatika Tena: Je, Mwenye Kosa ni Fundi?



Juma hili tulikuwa tumeahidi habari za samadi, lakini imetufikia barua isiyoweza kungoja. Imetoka kwa mama mmoja mjane wa kigango cha mbali, na jina lake tunalificha kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu, alimwachia motokaa aina ya Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa mviringo, iliyotengenezwa mwaka 1968. Gari lilikaa chini ya mwembe miaka mingi, kuku wakitaga ndani yake. Kisha watoto wake watano wakakubaliana kuchanga fedha ili lifufuliwe, limpeleke mama yao kanisani na zahanati. Sakafu iliyoliwa na kutu ikachomelewa upya, injini ikafunguliwa na kufungwa, rangi ikapakwa. Kazi yote imefanywa na kijana wa kijiji hicho hicho, ambaye mama huyu ndiye aliyemsimamia siku ya ubatizo wake.

Sasa kebo ya klachi imekatika mara mbili katika majuma sita. Mwana mkubwa, akaaye mjini na ndiye atumaye sehemu kubwa ya fedha, anasema kwamba fundi anauza kebo mpya na kufunga kebo kuukuu. Amesema akija likizo atampeleka kijana huyo mbele ya serikali ya kijiji. Mama anauliza mambo mawili. Je, kebo mpya yaweza kukatika upesi hivyo pasipo wizi? Na kama yaweza, atamwelezaje mwanawe?

Mama, shikamoo. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: ndiyo, yaweza, na katika motokaa za aina hiyo ni jambo lijulikanalo sana. Swali la pili halijibiki kwa neno moja, maana mwanao hatasadiki maneno matupu, atasadiki akionyeshwa. Kwa hiyo tutaeleza pole pole, ili wewe, na fundi, na mwanao, mpate kuliangalia jambo moja kwa macho yenu wenyewe. Na wasomaji wasio na motokaa wasigeuze ukurasa, maana wenye pikipiki watakuta mengi yanayowahusu, na mwisho wa habari unatuhusu sote.

KLACHI NI KITU GANI

Injini ikiisha kuwaka huzunguka bila kupumzika. Lakini magurudumu hayana budi kusimama mara kwa mara: mbuzi wanapovuka njia, abiria anaposhuka, gia inapobadilishwa. Basi kati ya injini na gia boksi pamewekwa pleti inayobanwa kwa nguvu. Ikibanwa, nguvu ya injini hupita kwenda magurudumuni. Ukikanyaga pedeli ya kushoto, pleti huachiliwa, nayo injini huzunguka peke yake. Hiyo ndiyo klachi.

Magari mengi ya siku hizi hupeleka nguvu ya mguu kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya bomba jembamba. Volkswagen ya zamani hutumia kebo, yaani waya wa chuma uliosokotwa kwa nyuzi nyingi. Na kebo yake ina safari ndefu, kwa sababu pedeli ziko mbele na injini iko nyuma. Urefu wake ni yapata mita mbili na robo. Katikati ya sakafu ya gari pana mgongo ulioinuka, wenye uwazi ndani. Humo mna bomba la chuma lililochomelewa, na kebo hupita ndani ya bomba hilo tangu miguuni pa dereva mpaka karibu na gia boksi. Hapo bomba huishia, na kebo huingia katika mrija mfupi unaopindika. Mrija huo umeegemea bomba kwa upande mmoja, na kishikio cha gia boksi kwa upande wa pili. Kebo ikitoka mrijani hushika mkono wa klachi kwa nati, upande wa kushoto wa gari.

Ni vizuri pia kujua kwamba gari hili si geni duniani wala kwetu. Lilibuniwa na Ferdinand Porsche kabla ya Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita kiwanda cha Wolfsburg, Ujerumani, kikaanza kulitoa kwa wingi. La mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Meksiko, mwezi wa Julai 2003, na hesabu yote ilikuwa imepita milioni 21. Wazee wetu wanalikumbuka katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, lilikoshinda mwaka 1962. Gari lililotengenezwa kwa wingi hivyo maradhi yake yanajulikana, na dawa zake pia.

WAYA NA GANDA LAKE

Mtoto ye yote aliyetengeneza breki ya waya ya baiskeli, au klachi ya pikipiki, anajua kwamba waya haufanyi kazi peke yake. Waya huvuta, lakini ganda lake husukuma. Ukishika mkono wa klachi ya pikipiki, waya wa ndani huja kwako, na ganda la nje hubanwa kati ya ncha zake mbili. Ganda likichomoka katika kikombe chake, hata uvute kwa nguvu zako zote, waya haufanyi kazi yo yote. Ganda hutembea tu. Hapo utanunua waya mpya hata mara kumi, na hutaona nafuu, kwa sababu ugonjwa hauko katika waya.

Ndivyo ilivyo katika Volkswagen. Mguu unapokanyaga pedeli, kebo huvutwa mbele. Mrija ulio nyuma hujaribu kunyooka, na katika kujaribu hulisukuma lile bomba la chuma lililo ndani ya mgongo wa sakafu. Bomba halipaswi kusogea hata kidogo. Limeshikwa na sehemu zilizochomelewa, na kila mkanyago wa pedeli ni pigo moja juu ya sehemu hizo. Hesabuni mikanyago ya miaka zaidi ya 50, ongezeni kutu ya miaka ya mwembeni, ongezeni na sakafu kukatwa na kuchomelewa upya karibu nalo. Si ajabu bomba likiachia.

ISOMENI KEBO ILIYOKATIKA

Watu wengi kebo ikikatika huitupa kichakani au huwapa watoto wafanyie mtego wa ndege. Hilo ni kosa. Kebo iliyokatika ni shahidi. Mahali ilipokatika panaonyesha kilichoiua. Iosheni kwa mafuta ya taa, ikaukeni, muitazame juani.

Ikiwa imekatika mbele kabisa, kwenye kichwa chenye tundu kinachoning'inia katika kulabu ya pedeli, itazameni kulabu hiyo. Kulabu iliyolika huwa nyembamba na yenye makali, nayo huisaga kebo, au huiachia ikachomoka hata kabla ya kukatika.

Ikiwa imekatika mahali fulani ndani ya bomba, ama bomba lina kutu au ukingo mkali ndani yake, ama limeachia na kukaa upande.

Ikiwa imekatika pale bomba linapokutana na mrija, au ndani ya mrija, nyuzi zikiwa zimekatika mmoja mmoja na kusimama kama manyoya, basi mrija umepinda kupita kiasi, au ni mkavu bila grisi, au bomba limeondoka mahali pake na kuilazimisha kebo kupita kwenye kona.

Ikiwa imekatika nyuma, karibu na mikato inayokaziwa nati, mara nyingi ilipotoshwa wakati wa kukaza: fundi alizungusha nati bila kuushika mwisho wa kebo, na kebo ikajisokota. Au nati haikukaa sawa katika kikao chake kwenye mkono wa klachi.

Sasa lipo jambo linalomhusu mwanao hasa. Je, twaweza kujua kama kebo iliyofungwa ilikuwa mpya au kuukuu? Ndiyo. Kebo iliyofanya kazi miaka mingi huwa na kutu katikati ya nyuzi zake. Ifungueni kidogo msokoto, mtaiona. Tena mikato yake huwa na alama za nati mahali zaidi ya pamoja, na nyuzi zake huwa zimelika sehemu nyingi. Lakini kebo mpya iliyouawa upesi hung'aa urefu wake wote, ila mahali pamoja tu palipolika.

Mama, umeandika kwamba kebo zote mbili umezitundika nyuma ya mlango wa jiko. Umefanya vema kuliko unavyojua. Na umeandika kwamba zote mbili zimekatika mahali pale pale, kule nyuma zinapoingia katika mrija, na kwamba kwingineko zinang'aa. Kama fundi angekuwa anafunga kebo kuukuu za hapa na pale, kila moja ingekatika kwa udhaifu wake, mahali pake. Kebo mbili zikifa mahali pamoja, ni mahali hapo panapoua.

BOMBA LILILO NDANI YA MGONGO

Katika barua yako zimo dalili mbili nyingine. Unasema pedeli ilishuka chini kidogo kila juma, na fundi akawa anakaza nati mpaka mikato ikaisha. Tena unasema husikika mlio wa kukwaruza chini ya viti mguu unapokanyaga. Dalili hizi, pamoja na mahali zilipokatika kebo, zinaelekea kwa lile bomba la ndani. Lakini msikate chuma kwa dalili tu. Ipo njia ya kuhakikisha.

Funga kebo mpya, au hata nyingine ya kujaribia. Liinueni gari nyuma na kuliweka juu ya vigogo imara vya mbao, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huinua, haikuwekwa kulinda roho ya mtu. Injini iwe imezimwa. Fundi alale chini na tochi yake, aangalie mahali bomba linapotokeza karibu na gia boksi, na kifuniko cha mpira kikiwa kimesogezwa. Mtu mwingine akanyage pedeli na kuiachia, pole pole, mara kadhaa. Kebo itatembea, ndiyo kazi yake. Lakini bomba lenyewe likiingia ndani pedeli inapokanyagwa na kutoka tena inapoachiwa, basi limeachia, na mwenye kosa amepatikana.

Kulitengeneza hakudai fedha nyingi, kunadai uangalifu mwingi. Fundi atakata dirisha dogo katika mgongo wa sakafu, mahali bomba lilipokuwa limeshikwa, alirudishe na kulichomelea, kisha afunike dirisha. Lakini sikilizeni vizuri: ndani ya mgongo huo huo hupita pia bomba la petroli, kutoka tangi lililo mbele kwenda injini iliyo nyuma. Mtu akichomelea bila kukumbuka hilo, ataliunguza gari na labda mwili wake. Sharti petroli yote itolewe na kupelekwa mbali, bomba lake lifunguliwe pande zote mbili na kupulizwa mpaka likauke, na liwekwe mbali na moto kadiri iwezekanavyo. Betri, ambayo katika gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, ichomolewe. Ndoo mbili za mchanga ziwe karibu, na watoto wafukuzwe uani. Kama kijana wenu hajawahi kufanya kazi hiyo, na amwite aliye mzoefu. Hilo si aibu.

Kabla ya kuchomelea, kebo itolewe bombani. Na kazi ikiisha, fundi apitishe waya mnene ndani ya bomba tangu mwanzo hata mwisho. Ukikwama, moto umepenya na kuacha tone la chuma ndani, nalo litaikata kebo ya tatu kama zile mbili za kwanza.

MPINDO WA MRIJA

Ikiwa bomba ni imara, au likiisha kutengenezwa, tazameni mrija. Usinyooke kabisa, wala usipinde sana. Nyosheni uzi kutoka ncha moja ya mrija mpaka ncha ya pili, mpime nafasi iliyo kati ya uzi na mrija mahali ulipopinda zaidi. Nafasi hiyo iwe kati ya milimita 25 na 45, yaani kama upana wa vidole viwili. Ukinyooka mno, gari hutetemeka na kurukaruka wakati wa kuondoka. Ukipinda mno, kebo husuguana na hukatika mapema. Mpindo huongezwa kwa kutia washa kati ya mrija na kishikio chake kwenye gia boksi, na hupunguzwa kwa kuziondoa.

Tazameni pia mipira inayoshikilia gia boksi. Mpira uliolowa mafuta miaka mingi hulegea kama ugali wa jana uliomwagiwa maji. Gia boksi hucheza, na mpindo mliopima leo kesho sio tena.

KUFUNGA KEBO MPYA

Kwanza, kabla ya kufungua nati hata moja, ilazeni kebo mpya sambamba na ile kuukuu. Urefu ulibadilika kidogo kidogo miaka ilivyopita, na muuza spea huweza kuwapa ya mwaka mwingine pasipo kujua. Anayekwenda dukani achukue kebo kuukuu mkononi, au ataje mwaka wa gari.

Pili, ondoeni gurudumu la nyuma la kushoto, mfungue nati iliyo kwenye mkono wa klachi. Magari mengine yana nati moja yenye masikio mawili, mengine yana nati mbili zinazokazana. Kwa vyo vyote, mwisho wa kebo ushikwe kwa koleo wakati nati inazungushwa.

Tatu, kule mbele, pedeli hushikwa na bolti mbili ubavuni mwa mgongo wa sakafu. Breki nayo imo katika kifungo hicho, basi fimbo inayosukuma breki ifunguliwe kwanza. Pedeli zikitoka, kebo huachia kulabu, na huvutwa nje kwa mbele.

Nne, itazameni kulabu kabla ya kuendelea. Ikiwa imelika, ijazwe kwa kuchomelewa na kusuguliwa ilainike, au inunuliwe nyingine.

Tano, ipakeni kebo grisi urefu wake wote, si ncha tu. Iingizeni kwa tundu la mbele, mkitafuta kinywa cha bomba kwa kidole. Hapa ndipo wengi hukasirika, maana hawaoni wanachofanya. Asiyeharakisha hulipata bomba upesi kuliko anayelazimisha.

Sita, tundika kichwa cha kebo kwenye kulabu, kisha mtu mmoja aivute kebo taratibu kutoka nyuma na asiiachie, mwingine akirudisha pedeli na kukaza bolti. Pedeli ya klachi isimame wima wakati wote huo. Ikilala, kebo huchomoka kwenye kulabu humo gizani, na kazi huanza upya.

Saba, nati ikazwe, upande wake wa mviringo ukielekea kikao chake kwenye mkono wa klachi, na kebo ikishikwa isijisokote.

KUPIMA NA KUJARIBU

Bonyezeni pedeli kwa mkono, si kwa mguu. Mwanzoni iende bure bila uzito, milimita 10 hadi 20, kisha ndipo uzito wa klachi uanze. Isipokuwa na nafasi hiyo, beringi husuguliwa mchana kutwa na klachi huanza kuteleza. Nafasi ikizidi, klachi haiachii sawasawa na gia hulia zinapoingizwa.

Kisha washeni injini, mkanyage pedeli mpaka chini, mngoje kidogo, mtie gia ya kurudi nyuma. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikisaga meno, rudini mkapime tena. Na kwa kuwa breki ilifunguliwa, gari lisitoke uani kabla breki haijajaribiwa mara kadhaa kwa mwendo wa miguu. Fimbo ya breki iwe na nafasi ndogo, kama milimita moja, kabla haijagusa kinachosukumwa. Isipokuwa nayo, breki zitajishika zenyewe njiani.

Baada ya kilomita mia chache pimeni pedeli tena. Kebo mpya huvutika kidogo, hilo si ugonjwa. Lakini ikishuka kila juma, mnajua sasa pa kutazama.

JUU YA FUNDI NA MWANA

Mama, sasa twarudi kwa watu, maana motokaa huweza kukaa mwembeni miaka mingine, lakini jina la kijana likichafuliwa kijijini halioshwi kwa mafuta ya taa. Fundi wa kijiji hana mali nyingine ila kuaminiwa. Akiitwa mwizi mbele ya watu, hata akionekana baadaye kuwa hana hatia, wapo watakaolisikia shtaka wasisikie hukumu.

Amri ya nane ya Mungu hatuivunji kwa kusema uongo tu. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2477, yafundisha kwamba hata kuamini moyoni kosa la jirani pasipo sababu ya kutosha ni dhambi. Mwanao si mtu mbaya. Anatuma fedha ya jasho lake, hauoni mkono unaoipokea, naye anaona kitu kimoja kikinunuliwa mara mbili. Aliye mbali hujaza kwa dhana mahali asipoona kwa macho. Dawa yake ni kumpa macho. Mwombe mjukuu apige picha za kebo hizo mbili kwa simu, zikiwa zimelazwa sambamba, mahali zilipokatika paonekane vizuri, azitume leo. Siku ya kujaribu bomba, mwanao awepo, na ikiwezekana yeye ndiye alale chini na tochi. Mtu aliyeona bomba likitembea hahitaji kuhubiriwa.

Na ikiwa bomba halitembei? Pimeni mrija, tazameni mipira na kulabu. Yote yakiwa mazuri, na kebo zikionekana kuwa na kutu ya siku nyingi ndani ya nyuzi, hapo ipo sababu ya kumwuliza kijana. Lakini hata hapo Injili imetupa utaratibu, katika Mathayo sura ya 18: kwanza mwende ninyi wawili peke yenu, bila mashahidi wala mkutano. Serikali ya kijiji ni hatua ya mwisho, wala haifai kuwa ya kwanza.

Kwa kijana fundi nasi tuna neno. Kebo ya kwanza ilipokatika, ilifaa aulize sababu kabla ya kuagiza ya pili, badala ya kukaza nati mpaka mikato ikaisha. Kuuliza sababu ni sehemu ya ufundi, nayo ndiyo sehemu wanayoilipia watu. Kwa hiyo twaona ni haki kwamba jamaa walipe kebo ya tatu na kazi ya kuchomelea bomba, naye asidai tena ujira wa kufunga kebo. Na tangu sasa kila kitu kinunuliwacho kiwe na stakabadhi, na kila kifaa kinachotolewa garini kirudishwe mkononi mwa mama. Fundi mwaminifu hapotezi kitu kwa desturi hiyo. Yamlinda kuliko mdomo wake.

Wasomaji wenye pikipiki nao wayatumie haya. Waya wa klachi ukikatika mara mbili mahali pamoja, msimlaumu muuza duka. Tazameni ganda lake, na njia lipitapo chini ya tangi, na kona ya usukani.

Mama, tutafurahi ukituandikia juu ya bomba, limetembea au halikutembea. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea habari za samadi, na kwa nini ile mbichi huunguza mahindi.